Harusini Genkuru, nionje nini?

*Mwezi ujao naenda harusini Genkuru, Tarime, nikitokea Tanga. Napenda kuonja kila kitu, ila tumbo langu halikawii kuchafuka. Nifanyeje?*
*Mama J., Tanga*

Dada, onja, ila kidogo kidogo. Mara nyingi kinachochafua tumbo si ugeni wa chakula, bali chakula kilichopoa na kulala, au maji yasiyochemshwa. Ugali wa ulezi na muhogo ni mzito kuliko sembe uliyoizoea. Siku ya kwanza matonge machache yanatosha. Uteremshe kwa mgagani uliopikwa kwa maziwa ili kupunguza uchungu. Kwangu mimi, hiyo peke yake inalipa nauli! Nyama choma iive hadi ndani. Sato na dagaa wa Ziwa Victoria waje wa moto.

Maziwa mgando ndiyo ya kuulizia: yalichemshwa kabla ya kugandishwa? Mabichi huweza kubeba vijidudu vya brusela, na homa yake huweza kujitokeza wiki kadhaa baadaye, ukiwa umesharudi Tanga. Mwenyeji hachukii akiulizwa kwa adabu.

Beba pakiti za ORS. Ukihara damu, ukipata homa kali au ukishindwa kunywa, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.