Jina la Watwa: Lugha na Utaifa nchini Rwanda na Burundi

Aghalabu hudaiwa kwamba lugha moja hujenga taifa moja. Makala haya yanalitilia shaka dai hilo. Watwa huzungumza Kinyarwanda nchini Rwanda na Kirundi nchini Burundi, sawa na majirani zao Wahutu na Watutsi. Hata hivyo, wamebaguliwa kwa vizazi vingi.

Katiba ya Burundi ya 2005 iliwataja waziwazi, ikawatengea viti vitatu Bungeni na vitatu katika Seneti. Ile ya 2018 ikavidumisha. Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, ilikataza migawanyiko ya kikabila, na Watwa wakaitwa, kwa tafsiri, “walioachwa nyuma na historia”. Mnamo 2007 shirika lao likalazimika kujiita la wafinyanzi, ilhali vyungu vyenyewe vilikuwa vimekwisha kupokonywa soko na plastiki!

Mwanaisimu na aitazame tasfida hiyo. Kitenzi kimo katika kauli ya kutendwa, na mtenda ni historia. Lakini walioondolewa misituni kupisha hifadhi za taifa hawakuondolewa na historia. Waliondolewa na serikali. Nchini Burundi, wengi wao wana jina na viti, ila hawana ardhi.