Dondoo muhimu: Mlimao wa koponi, barazani Masukulu

Huku Rungwe mvua ni nyingi, na mti ulio nje huoshwa nayo. Ulio koponi chini ya paa hauoshwi, ndiyo maana vidukari na wadudu gamba huzaliana haraka barazani. Siku isiyo na baridi kali, utoe nje unyeshewe.

Ukiona sisimizi wakipanda shina, geuza majani uangalie upande wa chini. Sisimizi hufuata utomvu mtamu wa vidukari na wadudu gamba na huwalinda dhidi ya maadui zao. Majani yakinata, kisha yakawa meusi kama masizi, chanzo ni huo huo utomvu. Ili sisimizi wasipande, weka kopo juu ya jiwe ndani ya sinia la maji, na matawi yasiguse ukuta.

Dawa ya kwanza ni sabuni ya maji ya kuoshea vyombo: kijiko kimoja cha chai kwa lita 1 ya maji. Nyunyiza jioni, hasa chini ya majani, usuuze asubuhi, urudie baada ya wiki. Sabuni ya unga huunguza majani. Wadudu gamba wakwangue kwa mswaki wa zamani, maana magamba huwakinga.

Ukiona kitu kama kinyesi cha ndege juu ya jani, kiguse kwa kijiti. Kikitoa pembe mbili laini zenye harufu kali, ni kiwavi wa kipepeo. Mtoe kwa mkono; kwenye mche mdogo viwavi wachache tu humaliza majani yote.