MAJI YA FRIJI NA KIYOYOZI YASIWE KITALU CHA MBU

Tunapozungumzia mazalio ya mbu wengi wetu hukumbuka madimbwi, makopo na matairi mabovu yaliyotupwa uani. Katika somo la mwezi huu tutazame mahali pasipokumbukwa: maji yanayotoka katika friji na kiyoyozi.

Maji hayo hutoka wapi?
Chupa ya soda iliyotoka kwenye friji ikiwekwa mezani hutoa "jasho". Jasho hilo ni unyevu wa hewa uliogeuka maji baada ya kugusa kitu cha baridi. Ndivyo ilivyo ndani ya kiyoyozi. Maji hudondoka katika trei, kisha hupita katika mpira na kwenda nje. Katika friji nyingi hupita kwenye tundu dogo la nyuma, yakaingia katika trei iliyo karibu na mota, ambako joto la mota huyakausha. Mpira au tundu likiziba, au trei isipokauka, maji hutuama.

Hatari yake ni nini?
Mbu aitwaye Aedes aegypti, mwenye madoa meupe miguuni, hupenda maji kidogo yaliyotuama katika vyombo vya nyumbani. Ndiye anayeeneza homa ya dengi, iliyowapata watu wengi Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Huyu huuma mchana, hasa asubuhi na kabla ya jua kuzama. Kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi.

Mbu huyu hubandika mayai yake kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji. Mayai yanaweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa bila kufa. Maji yakirudi, yanaanguliwa. Katika joto, yai huweza kuwa mbu kwa muda wa siku 7 hadi 10. Ndiyo maana kumwaga maji tu hakutoshi. Mwaga na usugue, angalau mara moja kwa juma.

Utunzaji wa friji
1. Chomoa waya wa umeme kwanza.
2. Vuta friji taratibu, toa trei ya nyuma, mwaga maji, isugue kwa brashi na sabuni. Kama haitoki, kausha maji kwa kitambaa na ufute kuta zake vizuri.
3. Ukiona maji chini ya droo ya mboga, huenda tundu la ndani limeziba. Lizibue kwa maji ya uvuguvugu na mrija laini. Usitumie kisu wala msumari.

Utunzaji wa kiyoyozi
1. Kikidondosha maji ukutani, kizime kwenye swichi kuu.
2. Toa chujio, lioshe kwa maji na ulianike kivulini. Vumbi la chujio ndilo huungana na utelezi na kuziba mpira.
3. Tazama mpira wa nje. Uwe na mteremko wa sentimita 1 hivi kwa kila mita, usipinde kwenda juu, na ncha yake isizame ndani ya maji.
4. Kama umeziba, sukuma uchafu kwa pampu ya baiskeli kutokea ncha ya nje. Usipulize kwa mdomo. Ukishindwa, mwite fundi.
5. Wanaokinga maji kwa ndoo waimwage kila siku na kuisugua kila juma. Maji hayo yanafaa kumwagilia maua au kupiga deki, lakini si ya kunywa.

Mgonjwa akipatikana
Dalili za dengi ni homa kali ya ghafla, kuumwa kichwa, maumivu nyuma ya macho, viungo na misuli kuuma, na pengine vipele. Kwa kuwa inafanana na malaria, nenda ukapimwe, usibuni. Mgonjwa anywe maji mengi na apumzike. Kwa homa apewe parasetamoli kwa kipimo sahihi. Asipewe aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki, kwa sababu zinaweza kuongeza hatari ya kutoka damu.

Angalieni sana siku homa inapoanza kushuka. Wengi hudhani mgonjwa amepona, kumbe ndipo hatari inapoweza kuanza. Akiumwa tumbo sana, akitapika mfululizo, akitoka damu puani au kwenye fizi, au akilegea kupita kiasi, apelekwe hospitali mara moja.

Maswali ya kuzungumza nyumbani
1. Mara ya mwisho trei ya friji yetu ilisafishwa lini?
2. Mpira wa kiyoyozi, hapa nyumbani au kazini, unamwaga maji wapi?
3. Nani atashika zamu ya kukagua, na siku gani ya juma?