Mteswa Asihukumiwe kwa Kosa la Mtesi Wake

Tuseme msichana mmoja avushwa usiku kwa njia za panya karibu na Horohoro, akiwa ameahidiwa kazi ya upishi mjini Tanga. Afikapo, bwana wake amnyang'anya pasi, amfungia ndani, wala hampi mshahara. Siku moja atoroka, naye akutwa barabarani hana kibali. Je, tumwite mhalifu au shahidi?

Wengi watajibu upesi: "Sheria ya uhamiaji ni sheria." Ni kweli, kila nchi ina haki ya kulinda mipaka yake. Lakini hukumu ya haki hutazama pia hiari ya mtendaji. Aliyesukumwa hahesabiwi kuwa ameruka.

Mapatano ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000, yaitwayo ya Palermo, yafundisha kwamba ridhaa ya aliyedanganywa au kutishwa si ridhaa. Tanzania ilitunga sheria yake dhidi ya biashara ya watu mwaka 2008. Jirani zetu wa Kenya, katika kifungu cha 14 cha sheria yao ya mwaka 2010, wametamka wazi ya kuwa aliyeuzwa hatahukumiwa kwa kuwamo nchini isivyo halali, wala kwa kosa lililotokana moja kwa moja na kuuzwa kwake.

Kanuni hiyo haimpi mtu ruhusa ya kutenda uovu apendavyo. Wala si kila mgeni asiye na kibali ameuzwa: wako waliolipa wenyewe ili wavushwe, mathalan vijana wengi wa Ethiopia wapitao mkoani kwetu kuelekea Afrika Kusini. Lakini hao nao waweza kugeuzwa watumwa njiani. Kwa hiyo uchunguzi na utangulie hukumu.

Tena, serikali yenyewe hupata faida. Mtesi humtisha mateka wake: "Ukienda polisi, utafungwa wewe." Tukimfunga kweli, tumelithibitisha neno la mtesi, shahidi amenyamaza, na mwuzaji yu huru.

Katika karne ya 19 Pangani ilikuwa bandari ya watumwa. Leo hakuna amlaumuye aliyefikishwa pale kwa minyororo. Basi, kabla ya kuuliza, "Kibali chako ki wapi?", tuulize kwanza, "Nani amekuleta, na pasi yako anayo nani?"