Kabla Hamjaanza Kutafuta Mtoto

Leo naongea zaidi na wachumba na wanandoa wapya, lakini hata wewe ambaye bado unasali kuujua wito wako, usiondoke. Mengine huanza mapema.

Kuandaa harusi tunajua sana. Kamati inakaa miezi, michango inakusanywa, ukumbi unalipiwa mapema. Ila waulize maharusi wamejiandaaje kumpokea mtoto, wengi watakujibu, "Mungu ataleta." Ni kweli. Kanisa linatufundisha kwamba mtoto ni zawadi, si mali ya kudai. Lakini hata mgeni tunayempenda tunamfagilia nyumba. Katika Luka sura ya 14 Yesu anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: kwanza anakaa chini, anapiga hesabu. Sisi nasi tukae chini.

1. Siku 28 za kwanza

Ubongo na uti wa mgongo wa mtoto huanza kama mrija mdogo, na mrija huo hujifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba itungwe. Hapo mama amechelewa siku zake kwa wiki mbili tu, na wengi hata hawajapima. Usipojifunga vizuri, mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi.

Kinachopunguza hatari hiyo ni vidonge vya asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya mimba hadi wiki ya 12. Ukisubiri mpaka uanze kliniki, mara nyingi siku hizo zimeshapita. Aliyewahi kupata mtoto mwenye tatizo hilo, au anayetumia dawa za kifafa, amwone daktari kwanza, maana huenda akahitaji kipimo kikubwa zaidi.

Tunaamini uhai ni mtakatifu tangu kutungwa mimba. Basi sisi tulipaswa kuwa wa kwanza kuzijali siku hizo ambazo mtoto yupo na hakuna anayejua. Na jamani, ukimwona mama mwenye mtoto wa mgongo wazi, usimnyooshee kidole wala usitafute mchawi. Hata aliyejiandaa vizuri anaweza kupata tatizo hilo. Msaidie kubeba.

2. Pimeni, tena pimeni wawili

Mimi na mume wangu tulipima tukiwa bado wachumba. Tulikaa kwenye benchi moja, tukapokea majibu pamoja. Nakushauri ufanye hivyo: VVU, kaswende, homa ya ini B, wingi wa damu, sukari, presha, na selimundu.

Hiyo selimundu wengi wanairuka, wakati Tanzania ni kati ya nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa nayo duniani. Mtu anaweza kubeba kinasaba chake akiwa mzima kabisa. Mkiwa wabebaji wote wawili, katika kila mimba kuna uwezekano wa asilimia 25 mtoto awe na ugonjwa huo. Najua swali linalofuata: "Tukikutwa hivyo, tuachane?" Hilo mtalipeleka kwenye sala, kwa daktari na kwa padre wenu, mkiwa huru, kabla ya kiapo. Kipimo si hukumu. Kinawapa nafasi ya kuchagua mkiwa mnajua, na kama Mungu atawajalia mtoto mgonjwa, mtamwahisha kwenye matibabu mapema.

3. Mwili ni hekalu, la mume pia

Mtume Paulo anatukumbusha kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Hajasema ni la wanawake peke yao. Mbegu za mwanaume huchukua kama miezi miwili na nusu hadi mitatu kukomaa. Kwa hiyo kaka, sigara na pombe za leo zinahusika na mtoto wa miezi mitatu ijayo. Acha sasa.

Dada, pombe na sigara uziache kabla ya kuanza kutafuta. Kula maharage, dagaa, mchicha, matembele, na chungwa baada ya chakula ili madini ya chuma yapokelewe vizuri. Chai usinywe pamoja na mlo. Kama una dawa za kudumu, usiziache mwenyewe, muulize daktari. Na zile dawa za "kusafisha kizazi" zinazouzwa mitaani, achana nazo. Kizazi hakihitaji kusafishwa.

Jifunzeni pia uzazi wa mpango wa asili, kama njia ya Billings ya kusoma ute. Itawasaidia kuzijua siku za rutuba mnapotafuta mtoto, na baadaye mnapopanga nafasi.

4. Nyumba yenye amani

Mtoto hahitaji kochi jipya. Anahitaji wazazi wanaoongea. Kaeni mzungumze madeni, kazi, bima ya afya, na nani atakayemsaidia mama akijifungua. Kama kuna kipigo au matusi ndani, tafuteni msaada kwanza. Msitegemee mtoto aje kuwasuluhisha.

Na ikichelewa? Mkijaribu mwaka mzima bila mimba, au miezi sita kama mke amefikisha miaka 35, nendeni hospitali wote wawili. Tatizo linaweza kuwa kwa yeyote. Mume, usiwaachie ndugu wamwite mkeo tasa. Ulipokula kiapo uliahidi kumpenda yeye.

Zoezi la wiki hii: chagueni siku ya kwenda kupima, muiandike. Usiku huo msali pamoja kabla ya kulala, kama Tobia na Sara walivyofanya usiku wao wa kwanza.

*Tusali:* Ee Bwana, mpaji wa uhai, tuandae miili yetu na mioyo yetu. Ukitupa mtoto, atukute tayari. Usipotupa, tukukute Wewe. Amina.