Wajibu wa Msimamizi wa Utafiti: Funzo la Pulsa

Mwanafunzi wa shahada ya uzamivu hutakiwa kuongeza jambo jipya katika elimu, jambo ambalo hata mwalimu wake hajalijua. Msimamizi wake, basi, ana kazi gani? Mfano ufuatao utatusaidia kujibu.

Mwaka 1967, Jocelyn Bell alikuwa mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Msimamizi wake, Antony Hewish, alibuni darubini ya redio ya kuchunguza kwazari, yaani vyanzo vya mawimbi ya redio vilivyo mbali mno. Bell alishiriki kuijenga, akaiendesha, na kusoma karatasi za kinasa, kiasi cha mita 30 kila siku. Humo aliona alama ndogo ya ajabu, iliyorudi mara kwa mara kutoka sehemu ile ile ya anga.

Hewish alidhani kwanza kuwa alama hiyo ilitokana na mitambo ya binadamu. Hata hivyo, alitaka ipimwe kwa kinasa chenye mwendo wa kasi zaidi. Tarehe 28 Novemba 1967 Bell aliyaona mapigo, moja kila baada ya sekunde 1.3 hivi. Ilikuwa pulsa ya kwanza kugunduliwa: nyota ya nyutroni izungukayo upesi. Huu ndio wajibu wa kwanza: shaka ya msimamizi idai ushahidi, isimnyamazishe mwanafunzi.

Wajibu wa pili ni kumpa mwanafunzi haki yake. Katika makala ya Februari 1968 jina la Hewish lilitangulia, la Bell likafuata. Mwaka 1974 Tuzo ya Nobel ya fizikia walipewa Hewish na Martin Ryle, Bell hakuwamo. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kuwa msimamizi ndiye abebaye dhamana ya mwisho, utafiti ufaulu au ushindwe. Hoja hiyo ina uzito. Lakini dhamana ya mmoja haifuti kazi ya mwingine. Mwaka 2018 Bell alitunukiwa dola milioni 3, akazitoa zote ziwasomeshe wanafunzi wa uzamivu wa fizikia watokao katika makundi yenye wawakilishi wachache.

Maswali
1. Kwa nini kinasa cha kasi zaidi kilihitajika?
2. Kama ungekuwa msimamizi, ungetanguliza jina la nani? Toa sababu.