Mwisho wa Kiangazi: Nyuki Wako Wana Chakula?



Mwezi wa Septemba, pita katika misitu ya miombo ya Tabora. Nyasi zimekauka, visima vingi vimebaki matope. Mtu atasema, hapa hakuna kitu. Lakini hebu ainue macho juu. Mti ule ambao Wanyamwezi huuita mtundu umeanza kutoa majani mapya, mekundu kama udongo wa kichuguu. Pamoja na majani hayo yanakuja maua madogo yenye rangi ya kijani na nyeupe. Harufu yake utaisikia kabla hujayaona. Na mvua je? Bado haijanyesha hata tone.

Mti huo unapata wapi maji? Mizizi yake inakwenda chini sana, na shina lake linaweka akiba. Karibu na wakati huo mninga nao hutoa maua yake ya manjano, lakini hayakai siku nyingi. Kwa nyuki, maua haya ndiyo ugali wa mwisho wa kiangazi. Wakiyakosa, mzinga hauna kitu mwezi wa Desemba.

Kwanza tuelewane juu ya chakula chenyewe. Nyuki anatafuta vitu vitatu. Anatafuta maji matamu ya ua, ambayo huyageuza kuwa asali. Anatafuta unga wa maua, yaani chavua, ambao ndio unawakuza majana, kama vile maharage yanavyomkuza mtoto. Tena anatafuta maji ya kawaida, ya kunywa na ya kupoza mzinga wakati wa joto kali.

Si kila ua lina vyote hivyo. Mahindi hutoa unga tu. Mjohoro, ule mti wa kivuli tunaoupanda sana majumbani, unajaa maua ya manjano kweli kweli, lakini hauna maji matamu. Kwa hiyo usihesabu maua kwa macho. Simama chini ya mti asubuhi, usikilize. Kama nyuki wapo, utawasikia.

Sasa tuangalie mwaka unavyokwenda. Mvua zinapoelekea ukingoni, mti wa muba huchanua. Maganda yake ya kahawia husimama juu ya majani, hata mtoto huutambua. Asali ya muba ndiyo nyingi, nayo hurinwa Mei mpaka Julai. Halafu yanakuja maua ya Septemba mpaka Novemba, na asali yake hurinwa Novemba na Desemba. Katikati ya misimu hiyo miwili, yaani Julai na Agosti, kuna njaa. Maua ni machache, na nyuki wanakula walichoweka.

Hapo ndipo penye kesi. Mrina asali anapanda mtini mwezi wa Juni. Anakomba masega yote, ya asali, ya unga wa maua, mpaka ya majana. Anashuka na debe lake, amefurahi. Septemba anarudi, mzinga mtupu. Basi maneno yanaanza: jirani kaniloga, fulani ana jicho baya. Hapana, bwana. Nyuki wetu wa Afrika akiona njaa, hakai. Anahama.

Hata wasipohama, hebu tupige hesabu. Yai huchukua kama wiki tatu kuwa nyuki kamili. Nyuki huyo mchanga hatoki mara moja. Hufanya kazi za ndani kwa wiki mbili au tatu, kulisha majana, kujenga masega. Ndipo aanze kwenda mauani. Jumla kama wiki sita. Maana yake nini? Nyuki atakayekwenda kwenye mtundu katikati ya Septemba lazima awe yai mwanzoni mwa Agosti, katikati ya njaa ile ile. Mzinga usio na akiba mwezi wa Agosti haulei. Mtundu utachanua, maua yataanguka, na wachumaji hawapo. Kwa hiyo mwezi wa Juni chukua masega ya asali iliyofunikwa. Acha ya majana, acha ya unga, na acha pia baadhi ya masega ya asali.

Tuje kwenye miti yenyewe. Wengi bado wanatengeneza mizinga ya magome. Gome zuri kwa kazi hiyo ni la mtundu na la muba. Ukilivua gome kuzunguka shina lote, mti unakufa, maana chakula kinachotoka kwenye majani hupita humo kwenda mizizini. Yaani umemjengea nyuki nyumba kwa kubomoa jiko lake. Mzinga wa mbao unagharimu fedha, tunajua, lakini haudai mti mzima. Na kuni za mabani ya tumbaku? Mkulima wa tumbaku na mfuga nyuki mara nyingi ni mtu yule yule. Apande miti ya kuni kwa ajili ya bani lake. Kisiki cha mtundu huchipua, ndiyo, lakini chipukizi hukaa miaka mingi kabla ya kutoa maua.

Moto nao una wakati wake. Kule Ndola, Zambia, watu wa misitu walianza mwaka 1933 kuchoma vipande vya miombo kwa nyakati tofauti ili wapate kulinganisha. Kipande kilichochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi kilikwisha miti mikubwa, zikabaki nyasi. Kile kilichochomwa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, miti yake ilibaki. Moto wa Septemba ni mkali, tena unakuta majani machanga na maua.

Kazi ya kikundi

Chukueni karatasi, mwandike miezi kumi na miwili. Mbele ya kila mwezi andikeni miti inayochanua kijijini kwenu, kwa jina la kwenu. Waulizeni wazee, waulizeni na watoto wanaochunga. Kisha jibuni:

Ni mwezi gani ambao hamkuandika mti wowote?

Nyuki huruka kwa kawaida kilomita mbili au tatu kutafuta chakula. Je, kutoka mizinga yenu, ni mitundu na miuba mingapi iko ndani ya mwendo huo?

Wakati wa kiangazi nyuki wenu wanakunywa wapi?